Joto Lilipanda, Namba Ikabaki Palepale

Jumatano. Mvua haijakatika tangu asubuhi. Kariakoo ni tope tupu.

Karakana yetu ya ghorofani inaunda mashine za joto za watoto njiti. Mimi ndiye fundi wa programu. Wiki hii mashine moja imekuwa ikiganda kwenye zahanati pale Mchikichini, na kila ikiganda nesi anafanya tunachofanya Bongo nzima: zima, washa. Ikiwaka, tunasema imepona. Bosi wangu, Mchaga tunayemwita Mangi, anaiamini dawa hiyo kuliko anavyoniamini mimi.

Shida ni kwamba ukizima, ushahidi unapotea. Kwa hiyo niliweka mashine ya aina ileile hapa mezani, nikairekodi keneli yake, kile kiini kinachoongoza programu nyingine zote. Ikiganda, niweze kuirudia hatua kwa hatua, kama marudio ya goli.

Leo mchana umeme ulikatika. Mashine ikahamia kwenye betri, ikaganda. Mangi akaruka kuizima kama kawaida yake. Sikugombana naye, rekodi nilikuwa nayo.

Nikairudia. Nikaona kazi mbili zimekwama, kila moja ikisubiri nyingine imalize. Kioo kimebaki na nyuzi thelathini na sita.

Hita inaendelea kuwaka.

Nilirudia tena na tena nikitamani nione kitu kingine. Rekodi haina huruma, inakupa kilekile.

Nikampigia nesi wa Mchikichini, maana umeme ulikatika na kwao, amtoe mtoto aliyemo kwenye mashine, amweke kifuani kwa mama yake.

"Mbona iko vizuri, dada? Inasoma thelathini na sita."

Nililia kwa sauti, sioni haya kusema. Mangi akaninyang'anya simu: "Nesi, mtoe. Sasa hivi!" Akamtoa. Alikuwa wa moto, lakini mzima, Alhamdulillah.

Nilidhani hofu itaishia hapo. Mangi akakaa chini, uso umemshuka.

"Na za mikoani?"

Hizo tuliziuza kaunta, bila kuandika wanunuzi, kama watu wanavyouza kila kitu hapa. Mtu anakuja, mnaelewana, anapakia mzigo kwenye basi, basi. Kwenye simu ya Mangi wapo wawili tu, "Mteja Songea" na "Mama Tunduru". Songea hapokei. Tunduru hapatikani.

Ya Rabi, huko nesi akitoka kidogo kunywa chai, nani anabaki kumgusa mtoto asikie joto lake?