Nafula Hakuleta Homa

Nafula, rafiki yangu,

Karani wa kanisa ndiye anaandika, mimi nasema tu. Nimemwambia akinipunguzia hasira hata neno moja nitajua, ingawa sijui kusoma. Tunatumia Kiswahili maana ndicho kilitukutanisha, wewe na Kiluhya chako, mimi na Kikuyu changu, hapa kwa laini, nyumba za vibarua wa shamba la kahawa Ruiru.

Nimekasirika. Hata wewe nimekukasirikia, kwa kufa.

Homa imepungua. Waliobaki wamerudi kuchuma. Mume wako walimnyima ruhusa kiwandani Thika, akafika wakati tumeshakuzika. Aliketi mlangoni kwangu akizungusha kofia mikononi. Watoto wako wako kwangu. Yule mdogo anakataa uji wangu, ati wako ulikuwa mzito.

Lakini unajua wanawake wanasema nini pale bombani? Ati Nafula ndiye alileta homa kwa laini. Ati alishika kichwa kabla ya wote.

Kichwa chako! Nani anakijua kama mimi? Kilikuuma miaka mingi kabla homa haijasikika. Ulisema ni kama mtu amekuzungushia kamba akaikaza, kutoka paji la uso mpaka shingoni. Mwili hauna joto, kikohozi hakuna. Kilikuja ukiwa na mawazo, kikaenda ukicheka. Jioni ulikalia debe, ukaniegemea magotini, nikakufinya shingo kwa dole gumba. "Hapo, cucu, hapo hapo, usiniue!" Uliniita cucu, nyanya, kama watoto wa hapa. Nami nikakujibu, "Nyamaza, una shingo ya punda."

Halafu homa ikaja, mawazo yakawa ya kila siku. Leo nani ameanguka? Watoto wamekohoa? Mume yuko hai? Kichwa kikakataa kukuacha.

Na mimi, na ujuaji wangu, nikasema ni kwa sababu nyinyi watu wa magharibi mnabeba mzigo utosini. Nikakupa mukwa wangu, ile kamba ya ngozi tunayopitisha kwenye paji la uso, kuni zikakaa mgongoni. Nikakwambia utazoea, maumivu yataisha. Ũi, Nafula! Kichwa kilikuwa kimekazwa, nikakikaza tena. Ulivumilia siku nne ili usiniudhi. Siku ya tano ulitua kuni mbele ya nyapara, ukashika kichwa kwa mikono miwili.

Akasema hiyo ni homa. Nikamwambia si homa, ni mawazo, mguse paji, ni baridi! Akacheka. "Cucu, siku hizi wewe ni daktari?" Akakufungia ghalani pamoja na wagonjwa. Uliingia mzima. Siku ya tatu nikasikia kikohozi chako kupitia ukuta wa mabati. Homa hukuipeleka, uliikuta humo.

Sasa sikia. Juzi mchana huyo nyapara alikuja kwangu, kitambaa kimefungwa kichwani. "Cucu, nisaidie. Si homa. Tangu watu waanze kufa silali, kichwa kimekazwa kama kwa kamba."

Kama kwa kamba! Nilitaka kumvuta sikio mpaka ghalani. Nikamwambia, "Nitakufinya, lakini si hapa." Nikambebea debe lako hadi bombani, nikamkalisha mbele ya wanawake wote, nikaweka vidole shingoni. Nikakataa kufinya mpaka aseme. Akanong'ona. Nikamwambia, "Ongeza sauti, wa nyuma hawajasikia."

"Nafula hakuleta homa. Mimi nilimfungia na wagonjwa akiwa mzima."

Bomba likamwaga maji, hakuna aliyelifunga. Nikasema na langu, la mukwa, maana kosa halikuwa lake peke yake. Kisha nikamfinya. Nilifinya kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, sitakudanganya. Alilia. Sijui kama ni shingo.

Basi, nenda salama, mama. Bado nina hasira, usifikiri imeisha. Watoto wako watabeba mzigo vile watakavyo, utosini au mgongoni. Na yeyote atakayeshika kichwa hapa kwa laini atakalia debe lako kwanza, nimguse paji kwa mkono wangu, kabla mtu hajataja ghala. Hilo nakuapia.

Jina langu sijui kuliandika. Karani amenipaka wino, nimebonyeza hapa chini. Hilo ndilo dole gumba langu, Nafula. Unalijua. Legeza shingo.