Pankeki Chungu Alizomaliza Babu

Bi Maude mpendwa,

Naomba msaada, na ujue mapema kwamba mimi siyo mtu wa kuomba, muulize yeyote hapa bondeni ni nani aliyekitengeneza kinu cha kukamulia tofaa cha akina Gagnon kwa waya na mkanda wa suruali, watakwambia ni Dewey Lamoureux, miaka kumi na saba, shule niliiachia darasa la kumi na siyo kwamba nilishindwa, tulichokana tu. Bibi yangu alikuwa anakusoma gazetini kila Alhamisi na anakujibu kwa sauti kana kwamba umekaa naye jikoni, na siku ile ulipomwambia yule mama wa mbuzi amsamehe mumewe, bibi alisema Maude naye sasa amezeeka, kwa hiyo usidhani nimekuja kwako kwa heshima kubwa sana, nimekuja kwa sababu sina pengine.

Jambo lenyewe ni pankeki. Usicheke.

Nyumbani kwetu, asubuhi ya kwanza umande ukiganda bustanini, bibi alikuwa anaamka kabla ya kila mtu, anawasha jiko la kuni, anapika pankeki za boga, na babu anashuka ngazi kwa kufuata harufu tu, hata asiamshwe. Bibi Arlene alifariki msimu wa theluji uliopita. Tangu hapo mimi na babu Orville tumekuwa tukila mkate na kahawa kama watu wanaongoja gari, na jiko lile tunaliwasha jioni tu ili mabomba yasigande. Basi juzi Jumamosi nikachungulia dirishani nikaona nyasi zimekuwa nyeupe, nikajisemea Dewey, leo mzee atashuka kwa pua.

Boga nililikata jana yake kwa kuona baridi inakuja, nikaliweka kwenye tanuri mpaka likalainika, nikalichota kwa kijiko na kulichuja, unga, mayai, maziwa ya mgando, mdalasini, tangawizi, kungumanga, karafuu, magadi kidogo, vyote kama bibi, ila mimi viungo niliongeza mara mbili kwa sababu nina mkono wa ukarimu. Na kupindua, Bi Maude, natamani ungekuwepo, nilikuwa narusha hewani na kudaka. Moja ilianguka chini nikampa mbwa wetu Sarge, akainusa, akaniangalia, akaenda zake kulala. Nikamwambia wewe umezoea kula soksi, utajua nini kuhusu chakula.

Babu akashuka na sweta lake limevaliwa nyuma mbele. Akasimama mlangoni anaangalia moto jikoni kwa muda mrefu. Akakaa, akamimina asali ya mti, ile ya utomvu tuliougema na kuuchemsha naye mwezi wa tatu, akaanza kula, na hakusema neno, na mimi maneno nilikuwa nayo mengi, nilimwambia nitafungua hoteli, nitaweka picha yangu mlangoni, watu watatoka Boston. Akamaliza zote sahanini, kisha akanyoosha sahani niongeze. Nikaongeza. Mimi yangu niliichukua mkononi kwa sababu kazini matofaa yalikuwa yananingoja, na nilipofika getini nikaiuma, nikaitema. Ilikuwa chungu mpaka masikio yalisimama. Nikasema ni magadi, kijiko kilizidi, hiyo imekuwa ya mwisho kwenye bakuli ndiyo maana. Nikaendelea na safari.

Mchana nilirudi kuchukua glavu nikamkuta babu sakafuni bafuni. Sitaandika nilichokiona. Nitaandika tu kwamba kulikuwa na damu, na kwamba alikuwa amejaribu kuifuta kwa taulo ili nisiikute.

Hospitali walituuliza amekula nini, na kabla sijafungua mdomo babu akajibu, mkate na kahawa. Akaniangalia. Mimi ambaye hakuna mtu amewahi kuninyamazisha, nikanyamaza.

Sasa ndipo anaingia shangazi Claudette, dada yake baba, ametoka mjini na koti lake lisilo na unyoya hata mmoja wa mbwa. Alikwenda nyumbani kwetu akafungua kikasha cha vidonge vya babu, akakuta vyumba vya siku ambazo hazijafika viko vitupu, akarudi akawaambia madaktari kwamba mzee amekunywa vidonge vya moyo mara mbili kwa sababu akili zimeanza kumtoka. Ukweli ni kwamba kile kikasha mimi ndiye ninayekijaza na safari hii nilikuwa sijamaliza kukijaza. Damu wameipeleka mji mkubwa kupimwa, majibu bado, na vidonge vya moyo wamevisimamisha mpaka yajulikane. Miguu yake imevimba kama unga wenye hamira, ila shangazi anasema ni kwa kulala mno. Na ameshatafuta nyumba ya wazee, ameona chumba, karatasi anatia sahihi Ijumaa. Mimi ameniambia nitabaki nyumbani msimu wa baridi kuwasha jiko mabomba yasipasuke, na kwamba nisijifanye mjanja kwa sababu nikiharibu tena ananipeleka Florida kwa baba na mke wake mpya ambao hawajui hata nimeshaota ndevu. Anaposema tena ana maana ya trekta. Trekta iliingia bwawani yenyewe, mimi nilikuwa tu nimeikalia.

Shangazi alipotoka kununua kahawa nikamsogelea babu.

"Babu, ni zile pankeki."

"Hukupika kitu," akasema. "Nimechanganya vidonge. Mtu wa umri wangu anachanganya."

"Zilikuwa chungu?"

"Kama nyongo."

"Sasa ulimaliza za nini, mzee?"

Akafumba macho nikadhani amelala. "Jiko lilikuwa linawaka asubuhi," akasema. "Sasa nisikilize. Ukimwambia Claudette, kesho yake upo kwenye basi. Mimi pale watanipa supu na blanketi. Wewe kaa na nyumba. Mlishe Sarge."

Nilirudi nyumbani nikatoa ile nusu ya boga iliyobaki kwenye jokofu, nikakata kipande kibichi nikakilamba. Magadi hayahusiki, Bi Maude. Ni boga lenyewe. Nikakumbuka mwaka jana, bibi yuko kitandani hawezi kutoka, nilipanda vibuyu vya mapambo kando ya uzio, vile vya mistari na vipele ambavyo watu wa mjini wanaviweka barazani, na bibi aliviona kwa dirisha akaniita, akasema Dewey ving'oe, nyuki atatoka kwenye hivyo vyako ataingia kwenye maboga yangu, na mbegu zangu zitaharibika zote. Nikamwambia bibi, boga ni boga. Hakuwa na nguvu ya kubishana. Maboga ya mwaka ule yalikuwa mazuri, tukala, mimi nikamcheka, nikachukua mbegu nikazitia kwenye kopo lake kama alivyokuwa akifanya kila mwaka tangu alipoolewa, na hizo ndizo nilizopanda mwaka huu, na uchungu wa vibuyu ndani yake.

Kwa hiyo niambie wewe uliyezeeka. Nikisema, nimemkana babu aliyeniomba kitu kimoja tu, na mimi naondoka, na labda polisi nao watataka kujua nani alimlisha mzee sumu. Nikinyamaza, babu anakwenda kufia kwenye supu ya watu kwa jina la kichaa, na akili zake ni nzima kuliko zangu. Gazeti linatoka Alhamisi. Ijumaa ni kesho yake. Usianze na hadithi.

Dewey Lamoureux, na jina langu andika, siogopi mtu isipokuwa shangazi.


MAUDE ANAJIBU

Dewey,

Umeandika kurasa nne, na jambo kubwa umelipitia kama mtu anayepita duka la vifungo. Wamesimamisha vidonge vyake vya moyo. Miguu imevimba. Kijana, hayo siyo ya kulala mno. Mzee anatibiwa ugonjwa ambao hana, na ule alionao umeachwa bila dawa, na wanaojua ni wawili tu: mmoja amefumba macho, mwingine ananiandikia mimi.

Nilipofika kwenye mstari huo niliiweka barua yako mezani nikapiga simu hospitali. Nimemwambia muuguzi wa wodi kwamba mzee Lamoureux alikula boga chungu na kwamba daktari aambiwe saa hiyo hiyo. Aliniuliza nimejuaje na mimi ni nani wake. Nikasema mimi si ndugu, nimesikia tu. Akaandika, ila kwa sauti yake niliona kwamba maneno ya bibi kizee asiye ndugu hayatafika mbali. Ndiyo maana barua hii nakutumia leo kwa mkono wa anayepeleka maziwa, na gazetini itatoka kwa wakati wake. Jina lako sikulitaja kwenye simu. Hilo nimekuachia ulitaje mwenyewe.

Boga likiwa chungu hivyo ni sumu. Haiondoki kwa tanuri, wala kwa mdalasini wako wa mkono wa ukarimu. Utumbo unachubuka mpaka unatoa damu, na kwa mtu wa umri wa babu yako sitakudanganya kwamba atarudi kama alivyokuwa. Huenda asirudi kabisa. Ulitaka nisianze na hadithi, basi hiyo siyo hadithi.

Sasa nikuseme kidogo, kwa sababu bibi yako hayupo. Aliyejua alikwambia ung'oe, ukamcheka akiwa kitandani. Mbwa alikwambia, ukamtukana. Ulimi wako mwenyewe ulikwambia pale getini, ukaupa kisingizio cha magadi, ukaenda kazini ukamwacha mzee mezani na sahani ya pili. Hukukusudia, najua, na polisi hawakamati mtu kwa kupanda vibuyu kando ya uzio. Lakini mpishi asiyeonja chakula chake anawaachia wengine wakionje kwa niaba yake, na safari hii aliyeonja alikuwa mtu anayekupenda kuliko anavyopenda tumbo lake.

Unauliza kama ukisema utakuwa umemkana. Sikiliza. Babu yako alikula kitu kichungu akanyamaza ili usione aibu. Akafuta damu yake ili usiogope. Sasa anataka aitwe kichaa ili wewe upate pa kulala. Hiyo ni mara ya tatu. Mzee wa watu atakulipia mpaka lini? Kumtii hapa ni kumwacha aendelee kulipa, na huna haki ya kukubali, hata kama anakuomba.

Fanya hivi. Toa ile nusu ya boga kwenye jokofu, itie kwenye mfuko, nenda nayo hospitali sasa hivi, kabla hujamlisha mbwa. Usimtafute shangazi kwanza, mtafute daktari. Mwambie: "Alikula pankeki za boga hili, zilikuwa chungu na nyingi, mimi ndiye niliyepika, na kikasha cha vidonge mimi ndiye ninayekijaza na sikuwa nimekimaliza." Sema hivyo hivyo, bila trekta na bila Boston. Babu akikatiza na kusema hukupika kitu, na atasema, mpinge mbele ya watu wote.

Kisha mwambie shangazi Claudette. Atapiga kelele, na usimjibu kwa ujanja hata mara moja, maana huyo ni baba yake aliye kitandani na amekuwa akidhani anampoteza vipande vipande. Anaweza kukutia kwenye basi. Akifanya hivyo, utakwenda. Mwambie pia kwamba kuna bibi kizee mwenye chumba kitupu na jiko la kuni ambalo kupasua kuni zake kunamshinda, na kwamba nimemfahamu Arlene tangu tukiwa wasichana, na alikuwa sahihi kuhusu yule mama wa mbuzi.

Maboga ya mwaka huu yaliyobaki usimpe mtu, wala usiyatupe shimo la mbolea, yataota. Na lile kopo la mbegu, Dewey. Najua ni la nani. Lichome lote, usibakize hata moja kwa ukumbusho, kwa sababu iliyobaki itamla mtu mwingine siku moja. Arlene alizitunza tangu alipoolewa na zimekwisha, na mzigo huo utaubeba mwenyewe, sina pa kukusaidia.

Babu akirudi, liwashe jiko asubuhi, nyasi ziwe nyeupe zisiwe nyeupe. Nunua boga dukani. Kata kipande kibichi, kiweke kwenye ulimi, na ungoje kabla hujawasha moto.

Wewe kwanza.

Maude Pelkey