Feni ya Nasreen

Najat, nimekimbia maabara na wanafunzi wangu, tunakohoa, machozi yanatutoka!

Si unajua nimelalamikia mvuke wa asidi tangu nihamie hapa Kihanga? Ainebyona, fundi wa maabara, mchumba wangu mwenyewe, jibu lake moja tu: "Fungua dirisha."

Kaja mwalimu mpya wa kemia, Nasreen, chumba cha pili. Wiki moja tu! Ainebyona kapanda bodaboda hadi Kayanga kumtafutia feni, kamtengenezea kabati lenye bomba la kutolea mvuke nje. Wiki moja, Najat!

Leo Nasreen kaiwasha. Bomba limetokea wapi? Chini ya dirisha langu. Lile lile aliloniambia nifungue!

Nikamfuata Ainebyona nakohoa. Hata pole hakunipa.

"Basi lifunge."