Nilitoka, Hakuna Aliyeona

Alhamisi, 5 Juni

Kidato cha Tatu, vipindi viwili vya Kiingereza. Kwenye gazeti, wabunge wa nchi moja wametoka ukumbini katikati ya kikao kwa hasira. Wanafunzi wakauliza maana ya walkout. Nikawaambia: ni kutoka mahali ili waliobaki wajue hukubaliani nao. Neno la Marekani, karne ya kumi na tisa. Wafanyakazi waliacha mashine zao wakatoka nje ya kiwanda. Hawakupiga mtu, hawakuvunja kitu. Kutembea tu, na nje.

Binti mmoja akasema, "Kumbe ni kama mama akirudi kwao." Darasa zima kicheko. Hata mimi.

Jioni, sokoni Muleba, nimemwona Jovitha. Muuza dagaa wa Kashai, yule anayefuata mzigo visiwani pamoja na mume wangu, Deo. Amevaa kitenge changu. Changu kiko kabatini, najua, lakini ni kilekile: bluu, ndege wa njano. Deo aliniletea wakati wa Pasaka. Alisema alikitafuta Bukoba nzima.

Na kimemkaa vizuri kuliko mimi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Ijumaa, 6 Juni

Shule imefungwa. Deo yuko kisiwani Goziba, mtandao wa huko ni wa kubahatisha. Nimesikia Jovitha naye kapanda boti leo asubuhi.

Nina wivu. Mwalimu mzima. Sijala.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeondoka.

Nimefagia, nimefunga mlango, ufunguo nimeuficha tunapouwekaga siku zote. Begi moja. Kitenge nimekibeba, ndicho ushahidi wangu. Bodaboda mpaka Rubya, kwa wazazi. Deo alisema atarudi leo jioni. Akute jiko la baridi.

Mama aliona begi, akaongeza ndizi chunguni. Baba akasema, "Asije mikono mitupu." Ndiyo desturi yetu. Mke akirudi kwao kwa hasira, mume anamfuata na rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mzee wa ukoo wake, akae chini aulizwe. Bila hivyo harudishwi mtu. Sisi Wahaya hatukungoja kufundishwa na viwanda vya Marekani.

Jumapili, 8 Juni

Misa ya kwanza. Nimevaa vizuri, endapo atakuja mchana.

Hakuja.

Jumanne, 10 Juni

Kuchuma kahawa na mama. Mikono imekuwa myeusi. Deo hajaja, hajapiga. Mimi sipigi. Aliyetoka hapigi simu.

Namwona Jovitha jikoni kwangu. Amekalia kigoda changu, anamenya ndizi kwa kisu changu, anacheka na meno yake yote. Namwona mpaka naharibu matawi. Mama akasema, "Labda hajajua." Nikamjibu vibaya. Deo hajui mke hayupo? Anadhani chakula kinajipika?

Alhamisi, 12 Juni

Leo amepiga Mama Edna, jirani yetu wa Muleba.

"Mwalimu, kuku wenu wamehamia kwangu. Nyie mmeenda wapi wote?"

Nikamuuliza kama Deo hajambo.

"Deo gani? Si bado yuko ziwani? Upepo mkali, boti hazitoki."

Nimekaa shambani, kapu la kahawa pembeni. Wale wa Marekani walitoka mchana kweupe, mwenye kiwanda akiwatazama. Mimi nimegomea kuku.

Nilipaswa kufurahi. Sikufurahi. Jovitha naye yuko Goziba. Upepo huohuo umewafungia kisiwa kimoja.

Ijumaa, 13 Juni

Amekuja. Peke yake, ndevu hazijanyolewa, sato wawili mkononi. Alifika nyumbani alfajiri, akamuuliza Mama Edna, akaja moja kwa moja.

Baba hakumpa hata kahawa ya kutafuna, ambayo mgeni yeyote hupewa. Akamwambia tu, "Unajua mtu anavyofuata mke. Rudi ukajipange."

Deo akaniangalia. Hajui kosa lake. Ana uso wa mtu aliyeibiwa. Akaondoka na samaki wake. Nilitamani kumwita. Sikumwita.

Jumapili, 15 Juni

Deo karudi na dumu la rubisi, na baba yake mdogo. Tukakaa sebuleni. Nikaambiwa nianze mimi. Nikakitandaza kitenge kwenye mkeka, nikamtaja Jovitha. Baba mdogo akakohoa.

Deo akasema, "Mimi najua nini kuhusu vitenge? Nilimwomba Jovitha anichagulie. Akachagua hicho, akakipenda, naye akajinunulia." Akaapa kwa kaburi la mama yake.

Wakacheka wote. Sikucheka. Namwamini, na hiyo ndiyo shida. Kumbe hakuna wa kugombana naye. Yupo tu mwanamke anayejua rangi inayonipendeza, na mume wangu haijui. Namwonea wivu kuliko jana.

Nikasema, "Uliniambia ulikitafuta Bukoba nzima." Kicheko kikaisha. Deo akainamisha kichwa.

"Basi kosa ni hilo," baba akasema. "Siku nyingine chagua mwenyewe, hata kikiwa kibaya." Ndipo akamsogezea kahawa ya kutafuna. Deo akachukua punje mbili, moja akanipa mimi.

Tulirudi Muleba jioni. Kitenge nimemwachia mama.

Jumanne, 8 Julai

Shule imefunguliwa. Binti yuleyule akauliza, wale wafanyakazi walirudi vipi kazini? Kamusi inaeleza kutoka tu. Nikamwambia sijui, nitatafuta.

Mvua kidogo mchana. Deo karudi kutoka Bukoba na kifurushi, akakiweka mezani, akaenda kulisha kuku haraka kuliko kawaida. Kitenge. Kahawia, maua makubwa kama pazia la ofisi. Alikichagua peke yake, haina haja ya kuapa.

Kibaya kweli. Kesho nakipeleka kwa fundi.