Digrii Niliyosema Ninayo

Saint-Josse, Bruxelles
Tarehe 30 Novemba 2014

Mpendwa dada yangu Hidaya,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa hapo Buyenzi. Goti je? Shemeji Hamadi aliniambia siku hizi unaswali umekaa kwenye kiti, nikaingiwa na wasiwasi. Usikae nalo tu, nenda kwa daktari, hata kama ni yule usiyempenda. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza. Lina bado anawasuka watu nywele pale kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles, na binti yetu Naïma ameingia mwaka wa pili chuoni. Mrefu kama wewe, na mkali kama wewe.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Mara tatu mwaka huu nilikupigia nikiwa na neno mdomoni, na mara tatu nikaishia kukuuliza habari za mvua. Kwa kalamu naona nitafika mwisho.

Dada, mwaka 1991 nilimwandikia marehemu baba kwamba nimemaliza chuo Athens. Haikuwa kweli. Nilikuwa nimebakiza mitihani mitatu. Bourse, ile pesa ya masomo, ilikuwa imekwisha, nilikuwa naosha vyombo hotelini, na kila barua ya baba iliuliza jambo lile lile. Nikaandika sentensi moja ili anipumzishe, nikidhani baada ya miezi michache nitaifanya iwe kweli. Kumbe nyumbani alichinja mbuzi, na wewe ndiye uliyepika ile pilau. Baadaye vita vikaja, nikaingia Ubelgiji badala ya kurudi. Baba alikufa akiniita mchumi.

Nyinyi mlikuwa mkiniuliza mtu mwenye digrii anafanya nini kwenye nyumba ya wazee, kuogesha watu na kuwalisha. Nilikuwa nacheka tu. Sasa unajua nilichokuwa nakicheka.

Ni huko huko kazini mambo yalikogeuka. Tuna bibi mmoja Mgiriki, Kiria Evgenia, yaani Bi Evgenia, ana miaka themanini na sita. Kifaransa kimemtoka kichwani, na wauguzi walikuwa hawaelewani naye. Siku moja aliomba maji kwa Kigiriki nikamjibu kwa Kigiriki. Alilia, dada. Tangu hapo kila alasiri nilimsomea gazeti la kwao.

Mwaka jana nikafika kwenye habari ya sheria mpya: wanafunzi waliozidisha miaka vyuoni watafutwa kwenye daftari. Kule zamani mtu aliweza kubaki mwanafunzi hata miaka thelathini. Nikanyamaza katikati ya mstari.

"Mbona umeacha kusoma?" akaniuliza. "Na wewe ni mmoja wao?"

Nikamwambia. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kuambiwa. Akanitazama, akasema, "Basi nenda kabla hawajakufuta. Sasa hivi umechelewa tu. Ukifutwa, utakuwa umedanganya."

Mezani, siku hiyo hiyo, niliwaambia Lina na Naïma. Lina aliinuka akaondoa sahani. Kilichomuuma ni kwamba tumeishi pamoja miaka ishirini na hakujua, na ilichukua wiki kadhaa mpaka akaniangalia vizuri tena. Naïma yeye aliuliza, "Donc, papa, hata babu hakujua?" Nikasema hakujua. Akafikiri kidogo. "Alors, unaenda lini?"

Nikawaandikia ofisi ya chuo. Karani alijibu kwamba jina langu bado lipo, na masomo niliyobakiza ni historia ya uchumi, uchumi wa kimataifa na takwimu. Nilisoma ile barua nimesimama kwenye ngazi za nyumba yetu.

Acha nikueleze chuo chenyewe, maana sikuwahi. Ni cha serikali, kilianzishwa mwaka 1920 kufundisha biashara ya juu. Nilipoingia kiliitwa ASOEE. Mwaka 1989, mimi nikiwa ndani, kikaitwa Chuo Kikuu cha Uchumi na Biashara cha Athens, lakini hata leo ukitaka kufika barabara ya Patission unasema ASOEE na kila mtu anakuonyesha. Karibu miaka mia moja wanafundisha hesabu za dunia mle ndani, na nje, kwenye uzio, weusi wenzetu wanauza mikoba juu ya shuka. Kuta zimejaa mabango ya vyama vya wanafunzi, na ukiingia tu vijana wanakuita kwenye meza zao ujiunge. Mimi hakuna aliyeniita. Walidhani nimekuja kumtafuta mtoto.

Mwezi wa sita mwaka huu nilipoingia chumba cha mtihani, wote walinyamaza wakaweka simu chini. Walinidhania profesa! Nilipokaa kwenye dawati, binti aliyekuwa pembeni yangu alinong'ona, "Mzee, wewe umeingia mwaka gani?" Nikamwambia 1984. Akasema, "Mama yangu alikuwa hajaolewa." Safu nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao.

Historia nilipita. Uchumi wa kimataifa nilipita. Takwimu nikapata nne kati ya kumi, na alama ya kupita ni tano. Nilirudi Bruxelles nimenyong'onyea. Lakini yule binti alinitumia madaftari yake yote kwa posta, Naïma akanifundisha kila Jumapili, tena kwa ukali, na Lina, bila kuniambia, akabadilishana siku zake za kazi ili nyumba iwe kimya. Hapo nikajua amenisamehe. Mwezi wa tisa nikarudi. Nikapata tano na nusu.

Unajua binti yule aliniuliza nini tulipoagana? Kama Bruxelles kuna kazi. Kwao hali ni mbaya, vijana wenye digrii wanaondoka kila siku. Nimemwambia akija atafikia kwetu.

Wiki iliyopita tulikwenda Athens sote watatu, nikaapishwa; huko ndivyo digrii inavyotolewa. Wahitimu husimama pamoja na kusema kiapo kwa sauti moja. Sauti yangu ilikatika katikati, vijana wakakimalizia kiapo.

Baba siwezi tena kumwambia. Wewe naweza. Nisamehe, dada yangu, kwa ile pilau uliyoipika kwa furaha, na kwa miaka yote uliyonisifu kwa watu. Ukitaka kuwaambia majirani, waambie. Sikuombi unifichie. Nijibu tu, hata kama ni kwa hasira. Nikiona mwandiko wako nitajua bado mimi ni mdogo wako.

Nisalimie shemeji Hamadi, Jamal na mke wake, na mama Radjabu wa nyumba ya pili. Lina na Naïma wanakukumbatia. Mwenyezi Mungu akuponye goti, akupe umri mrefu na nyumba yenye amani.

Ndimi mdogo wako akupendaye tangu ulipokuwa unambeba mgongoni,

Burhani