Mjusi wa Shaba

Kasongo, Jumanne jioni

Nilipaswa kusema tu, "Mama mukubwa, unisamehe kidogo." Maneno manne! Yangetosha kuokoa kazi yangu.

Kibao changu cha mwisho cha kutengenezea taa, kilichofunikwa shaba, kilikuwa uani juani, chini ya kioo na karatasi ya mchoro wa saketi, yaani njia za umeme. Penye kivuli cha mchoro shaba hubaki, kwingine, nikikichovya, dawa huila. Mara dada mkubwa wa mama akafika kutoka Wamaza, akaanza kuniuliza habari za kila mtu, nami nimepiga goti kwa adabu. Nikaona mjusi anapanda kioo. Akalala kabisa.

Nilipokitoa kibao kwenye dawa, mjusi alikuwepo, wa shaba, na vidole vyote. Mkia wake umeunganisha njia mbili zisizotakiwa kugusana. Nililia. Taa hii nilimwahidi baba, naye anataka niache michezo hii nikauze mihogo.

Mama mukubwa akacheka. "Huyu iko muzuri! Umukate mukia tu, atazoea."

Nikaukwangua kwa wembe, nikachomelea vipande vya taa, nikaunganisha betri. Ikawaka!

Baba ameigeuza taa mara nyingi, akasema mihogo itangoja. Kisha akauliza polepole, "Bila mujusi haiwezi kuwaka?"

Nimeona haya kumsahihisha.