Msuko wa Kisogoni

Shoga, pokea simu! Hupokei, basi sikiliza ujumbe huu.

Jana nililowesha nywele nikajisuka mwenyewe, ili leo nikifumua zitoke mawimbi. Kila msuko niliufunga kwa mpira. Mpira, shoga! Humu ndani sina hata uzi.

Sasa hivi nafumua mbele ya kioo, nafika kisogoni, nagusa uzi. Uzi mweusi, ncha imekunjwa kwa ndani.

Nani alikuwa akifunga hivyo? Mama. Mama yangu, tuliyemzika na wewe ukinishika mkono.

Nimelala peke yangu. Mlango bado umefungwa komeo kwa ndani.

Na usinicheke. Misuko yangu yote ilinivuta mpaka kichwa kikaniuma. Huo wa kisogoni hauumi hata kidogo.

Mingine yote nimefumua. Huo siufumui.